Mwaka wa Majaribio wa Pandu Silima

Ipo nchi ambayo jina lake sitalitaja, si kwa hofu, maana huko hakuna mwenye hofu. Hofu ilifutwa kwa sheria zamani, na kamati ikaundwa ya kuhakikisha kwamba hakuna anayeikumbuka. Ni nchi nzuri. Barabara zake zimepakwa chokaa upande ule unaoonekana kutoka kwenye gari la Mlezi Mkuu, na hospitali zake zina milango mipana sana. Ina desturi moja tu inayowashangaza wageni, nayo ni kwamba huko mtu hazaliwi raia. Anazaliwa mtu wa majaribio, kama karani mpya, na kwa miezi kumi na miwili serikali inamtazama mwenendo. Akifaulu anapewa cheti. Asipofaulu anapelekwa kunyooshwa, na hilo tutalifikia.

Pandu Silima alizaliwa Jumanne asubuhi, miguu ikitangulia. Mkunga aliandika kwenye fomu kwamba mtoto ameingia nchini kinyumenyume, huenda ana nia ya kutoka. Basi toka saa ya kwanza faili lake likawa na doa, na yeye mwenyewe wala hajafumbua macho.

Alipoyafumbua, aliona meno. Juu ya kila kitanda cha wodi ya wazazi ilitundikwa picha ya Mlezi Mkuu akitabasamu, na picha hiyo ilikuwa kubwa kuliko dirisha. Mlezi Mkuu alikuwa na umri wa miaka arobaini na sita, kama alivyokuwa nao kwa miaka thelathini mfululizo. Pandu aliyatazama yale meno kwa muda, akaona kwamba hayafungi wala hayatafuni, yanangoja tu. Hakuyapenda.

Kisha akalazwa juu ya kifua cha mtu, na chini ya sikio lake akausikia mdundo aliokaa nao miezi tisa. Huyu alimfahamu. Alikuwa mama yake, Mwanakheri, uso umechoka, nywele zimetimka, midomo mikavu, haonyeshi jino hata moja. Pandu akaamua kumwamini huyo kwanza, wengine atawachunguza mmoja mmoja.

Alianza na baba. Silima alikuwa mpaka chokaa wa serikali. Popote msafara wa Mlezi Mkuu ulipotarajiwa kupita, yeye alitangulia na ndoo na brashi kupaka mawe, mashina ya miti, nguzo, na siku moja mbuzi aliyechelewa kuondoka. Alirudi nyumbani mweupe mpaka kope. Kila jioni Pandu aliletewa mtu mweupe asiyemjua, akaambiwa ni baba, na kila asubuhi akaletewa mwingine, safi na mweusi, akaambiwa ni baba yuleyule. Mtoto mwenye akili zake timamu angeshuku, na Pandu alishuku kwa miezi miwili mizima. Mpaka alipogundua kwamba wote wawili wananuka jasho lile lile, akawasamehe kwa pamoja.

Kilichomshinda kabisa kilikuwa mlango.

Kila mwezi, siku ya tarehe moja, mlango ulibishwa mara tatu. Na kila ulipobishwa, jambo lile lile lilitokea. Mdundo kifuani mwa mama ulianza kukimbia, mikono yake ikamkaza, na midomo yake ikanyanyuka pande zote mbili, meno yakatoka nje. Pandu aligeuza macho kwa baba, naye meno nje. Akamtazama bibi yake, Bi Kazija, mama mzazi wa Silima, mwenye meno sita tu, na yote sita yalikuwa nje. Halafu aliingia mtu mwenye mkoba, naye akitabasamu. Huyo alikuwa Bwana Ngwali, Afisa Makuzi wa mtaa, mtu mpole mwenye kalamu tatu mfukoni, aliyekuja kuandika jinsi mtoto anavyoendelea.

Bwana Ngwali alikaa, akanywa chai, akauliza maswali ya kwenye fomu. Mtoto analia mara ngapi, na je, kilio kina madai? Anyonyapo, anaonyesha shukrani? Akitazama picha ya Mlezi Mkuu, anatabasamu? Hapo Mwanakheri alijibu kwamba bado, lakini dalili zipo. Afisa aliandika "bado", akafunga mkoba, akaondoka. Mlango ulipofungwa meno yote yalirudi ndani, na mdundo wa mama ukachukua muda mrefu kutulia.

Pandu hakuwa na maneno, lakini alikuwa na nafasi ya kufikiri, maana hakupewa kazi nyingine. Akafikia uamuzi wake wa kwanza maishani: tabasamu ni ugonjwa unaowapata watu wazima wakiogopa, na unaambukiza kupitia mlangoni.

Siku ya arobaini Bi Kazija alimnyoa nywele, akamtoa nje kwa mara ya kwanza kama ilivyo ada, na akampaka wanja kwenye nyusi ili macho mabaya yakwame hapo yasimfikie. Mkono wa Bi Kazija siku hizo ulikuwa unatetemeka. Nyusi mbili alizozichora zilishuka kwa nguvu, zikakutana juu ya pua kama mbuzi wawili wanaogombana. Alipoonyeshwa kioo, Pandu alionekana kama hakimu aliyeamshwa usingizini.

Bwana Ngwali alikuja siku hiyo hiyo, akaitoa fomu. Kipengele cha kumi na nne kilihusu nyusi, nacho kilikuwa na visanduku viwili tu: zimeinuka, zimeshuka. Aliweka alama kwenye zimeshuka.

"Mwanangu, hilo ni wanja," alisema Bi Kazija. "Nimempaka mwenyewe asubuhi."

"Najua, bibi. Hata kwangu tunapaka. Lakini fomu haina mahali pa wanja."

Kwenye nafasi ya maoni aliandika kwamba mtoto anaonekana kuwa na hoja.

Taarifa hiyo ilipanda ngazi mpaka Wizara ya Vitovu na Makuzi, na kule juu iliwakosesha watu usingizi. Mtoto wa siku arobaini mwenye hoja, halafu hoja yenyewe haijulikani, ni jambo zito. Vikao vitatu vilifanyika. Mwishowe ukatoka Waraka wa Wanja, ukiagiza kwamba kuanzia hapo nyusi za watoto wote wa majaribio zichorwe kuelekea juu, kwa kipimo kilichoambatishwa. Bi Kazija alitii. Kwa miezi mitatu iliyofuata Pandu aliishi na uso wa mtu aliyeambiwa habari asizoziamini, na chini ya nyusi hizo za mshangao macho yake yaliendelea kushuku.

Hakukosa sababu. Walimpeleka kliniki, na nesi mmoja mwenye sauti tamu akamtabasamia, akamwita mchumba, akamchoma sindano pajani. Mama alimwambia ni chanjo, ina faida, na Pandu baadaye angekubali. Siku hiyo, hata hivyo, aliongeza kitu kwenye uamuzi wake: tabasamu huwapata wanaoogopa, na pia wanaokaribia kukuumiza. Walimpa uji wa lishe, huku wamemketisha mbele ya picha ya Mlezi Mkuu ili azoee. Akaanza kuushuku na uji. Alipoota jino la kwanza alilishuku sana, maana alijua meno ni ya kazi gani.

Uso aliouamini ulikuwa mmoja tu, ule wa mama yake akiwa anafua. Hapo Mwanakheri alisahau. Midomo yake ililegea, akaimba wimbo usio na kichwa wala miguu, na mdundo wake ulikwenda taratibu. Pandu alikaa kwenye beseni tupu, akamtazama, akaridhika kabisa. Kama serikali ingemwuliza, angesema huo ndio uso wenye furaha. Lakini serikali ilikuwa na kipimo chake.

Mwezi wa tisa Tumu alirudi.

Tumu alikuwa mtoto wa jirani, amemzidi Pandu miezi michache. Alikuwa amefika mwaka bila kutabasamu mbele ya picha, basi gari la bluu likaja kumchukua, akapelekwa Nyumba ya Kunyoosha Nyuso. Huko hakuna mzazi anayeruhusiwa kuingia, kwa faida ya mzazi mwenyewe. Baada ya wiki tatu walimrudisha akitabasamu. Mama Tumu alimleta barazani kwa Mwanakheri amwone, amemvalisha gauni jipya, na mtaa mzima ulikuja kumpongeza.

Tumu alikuwa anajifunza kutembea. Aliteleza kwenye ngazi ya baraza akaanguka kifudifudi, na damu ikamtoka puani. Pandu aliyaona yote, maana alikuwa ameketi pale pale chini. Tumu alinyanyua uso, na ule uso ulikuwa unatabasamu. Machozi yalimtoka, yakapita kandokando ya lile tabasamu, yakadondoka kwenye gauni jipya. Hakutoa sauti. Mama yake akamfuta damu upesi upesi.

"Amependeza sana," alisema Mwanakheri, akamnyakua Pandu kutoka chini. Meno yake yalikuwa nje, na mdundo kifuani mwake ulikuwa unampiga Pandu sikioni.

Kutoka siku hiyo nyumba haikutulia. Silima alivaa ungo kichwani, akatembea kwa magoti, akabweka. Pandu alimtazama kwa huruma. Bi Kazija alimtekenya nyayo, lakini nyayo za Pandu zilikuwa zimeshazoea mikono ya Bi Kazija, hazikushtuka. Mwanakheri alikaa naye mbele ya kioo, akaishika midomo yake midogo kwa vidole viwili na kuivuta juu taratibu. Alipoachia, midomo ikarudi. Akavuta tena. Pandu aliona kwenye kioo kwamba mama ameanza kulia huku anatabasamu, kama Tumu, akaogopa, na kwa kuwa alikuwa ameogopa alikaza midomo kwa bidii zaidi asije akaambukizwa.

Hivyo ndivyo walivyofika mwisho wa mwaka: wazazi hawalali kwa kuwaza gari la bluu, na mtoto hakubali kuugua.

Siku ya Kukubaliwa ilifanyika uwanjani, ikawa bahati ya mwaka huo kwamba Mlezi Mkuu angekuja mwenyewe kuwapokea watoto. Wachanga mia mbili na kumi na wawili walipangwa kwa uzito. Waraka mpya ulikuwa umetoka siku mbili kabla, ukipiga marufuku wanja wa aina yoyote, juu wala chini, ili nyuso zionekane kama zilivyo. Asubuhi ile Bi Kazija alikuwa ameshika kijiti cha wanja akakirudisha mahali pake, akamwosha mjukuu wake uso kwa maji matupu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa mtoto yeyote anayetoka nje.

Mlezi Mkuu alichelewa kwa saa nne. Waziri wa Vitovu na Makuzi aliutumia muda huo kuhutubia.

"Ndugu wachanga," alisema, "kabla ya uongozi huu shupavu, watoto walizaliwa ovyo, kila mmoja kwa wakati wake, bila dira. Leo mnazaliwa kwa mujibu wa mpango. Wapo wanaobeza, wanasema mtoto hulia. Nawauliza hao, analia kwa idhini ya nani?"

Wachanga wengi walikuwa wanalia, jua likiwa utosini. Bwana Ngwali alisimama nyuma ya Mwanakheri. Alimwambia kwa sauti ya chini, bila kumtazama, kwamba gari lipo nyuma ya jukwaa, na kwamba yeye hakuliomba, limekuja lenyewe. Mwanakheri aliitikia kwa kichwa, meno nje.

Hatimaye Mlezi Mkuu alifika. Jukwaa lilikuwa na paa, lakini wapiga picha walitaka mwanga, kwa hiyo akasimama juani na suti yake nzito, nywele nyeusi tititi. Watoto waliinuliwa mmoja mmoja. Kando yake alisimama Msaidizi wa Furaha mwenye unyoya wa bata, na mtoto aliyesitasita alipitishiwa unyoya nyayoni. Mmoja baada ya mwingine walitabasamu, makarani wakaweka alama.

Ikafika zamu ya Pandu. Mikono ya mama ilimwachia kidole kimoja kimoja. Unyoya ulipita nyayoni, ukapita tena, ukapita mara ya tatu, na Pandu akamtazama mwenye unyoya jinsi mtu anavyomtazama nzi. Karani alishika kalamu nyekundu. Nyuma ya jukwaa injini iliwashwa.

Mlezi Mkuu, kwa kuwa kamera zilikuwa zinangoja, alimkumbatia mtoto kifuani. Sikio la Pandu likatua juu ya suti, na chini ya suti Pandu akausikia mdundo.

Ulikuwa unakimbia. Ulikimbia kuliko wa mama yake tarehe moja ya mwezi, kuliko siku ya Tumu, ulikimbia kama mtu ambaye mlango wake unabishwa saa zote. Pandu aliinua kichwa apate kumwona vizuri. Yale meno ya kwenye picha yalikuwa hapo hapo, makubwa, yakingoja. Lakini juu ya meno palikuwa na kitu kingine. Kutoka kwenye zile nywele nyeusi, kanta, ile rangi ya kufichia mvi, ilikuwa imeanza kuyeyuka kwa jua. Tone moja lilishuka kwenye paji la uso, likapita juu ya jicho la kulia. La pili likashuka kushoto. Yakateremka kwa kutetemeka, yakakutana katikati juu ya pua.

Pandu alizijua nyusi hizo. Alikuwa ameziona kwenye kioo siku ya arobaini. Huyu mtu mkubwa mwenye kuogopa naye amepakwa na bibi.

Akacheka.

Hakutabasamu, maana alikuwa bado hajui kutabasamu. Alicheka kwa tumbo, kwa sauti, na mwili mzima ukatikisika. Akanyoosha kiganja akalifuta paji la Mlezi Mkuu kutoka upande mmoja mpaka mwingine, akazifikia na nywele, na pale alipopitisha mkono zikabaki nyeupe pee. Akakitazama kiganja chake cheusi, akacheka upya.

Kamera za televisheni ziligeuzwa juu, na taifa likaonyeshwa kunguru kwa dakika kumi na moja, pamoja na nyimbo za uzalendo. Mkuu wa itifaki alimtazama Waziri, Waziri akaitazama hotuba yake, lakini humo hapakuwa na msaada. Kisha Waziri akapata wazo, akalitangaza kwenye kipaza sauti kwa heshima zote: mtoto amecheka kwa upendo uliopita kiasi, na katika kucheka, wanja wake umemchafua kipenzi chetu.

Hapo Bi Kazija aliitwa jukwaani kuulizwa ni nani aliyempaka mtoto wanja siku ambayo wanja ni marufuku. Watu wote wa mbele waliuona uso wa Pandu, hauna hata alama. Bi Kazija naye aliuona.

"Ni mimi," alisema. "Nimempaka mwingi. Mkono wangu unatetemeka, mnisamehe."

Alipewa onyo kali, akalitia saini. Karani aliiweka kando kalamu nyekundu, na injini ya gari la bluu ikazimwa. Wanasema Mlezi Mkuu alichelewa kumrudisha yule mtoto kwa mama yake, kana kwamba alitaka kusikia kitu tena, lakini wanaosema hivyo hawakuwepo.

Walirudi nyumbani, wakafunga mlango kwa komeo. Silima alikaa sakafuni, akauma mkono wake asisikike nje, kisha mabega yakaanza kumtikisika. Bi Kazija alijifunika kanga usoni. Na Mwanakheri, akiwa amempakata Pandu, alicheka. Mdomo wake ulikwenda upande, jicho moja likafumba, pua ikajikunja, machozi yakamtoka, akawa hapendezi hata kidogo. Pandu aliushuku uso huo. Akaupapasa kwa kiganja chake cheusi, akaweka sikio kifuani. Mdundo ulikuwa unakwenda mbio, lakini si mbio za kukimbia. Zilikuwa kama zile za mtoto anayerushwa juu akijua atadakwa. Basi na yeye akacheka, na kwa muda hakukuwa na mtu katika nyumba ile aliyekuwa akichunguza chochote. Alikuwa na umri wa mwaka mmoja kamili, na alifurahi kugundua kwamba kwa mwaka mzima alikuwa amekosea.

Mlango ukabishwa mara tatu.

Ni Bwana Ngwali, amekileta cheti. Silima aliinuka akajipangusa. Bi Kazija alifunua uso. Chini ya sikio la Pandu mdundo wa mama uliruka, na kitu kikaruka pia mahali pengine, kidogo lakini karibu zaidi. Alikisikiliza. Kilikuwa ndani ya kifua chake mwenyewe.

Komeo likafunguliwa. Kabla afisa hajatia mguu ndani, na bila kuvutwa midomo na mtu, Pandu aligeuka kuelekea mlangoni akatabasamu. Midomo ilinyanyuka pande zote mbili, sawasawa, meno yote manne nje, ikakaa hivyo hivyo.

"Mashallah," alisema Bwana Ngwali. "Kumbe anaweza." Akatoa fomu ya mwisho, akaandika kwamba mtoto amekamilika.

Mwanakheri alikuwa anamtazama mwanawe. Na kwa mara ya kwanza mbele ya afisa wa serikali, tabasamu lake lilidondoka, lisirudi. Bwana Ngwali aliuona uso huo. Akashika kalamu, akaipekua fomu mbele na nyuma kutafuta mahali pa kuuandika, akakuta hapana. Ilikuwa fomu ya mtoto tu, na mtoto alikuwa amefaulu.